Bafu la Kumpokea Shangazi

Uyole, Mbeya
14 Januari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye benchi lako kando ya barabara, nyanya zimepangwa, na jirani yako Bertha anakusimulia habari ambazo hujamuuliza. Sisi huku ni wazima. Mvua inanyesha kila mchana, halafu inakatika ghafla na jua linatoka, na mlima unang'aa. Anye wangu anasema mlima umeoga kwa ajili yangu. Najua hapo utakunja uso, lakini ndivyo alivyosema, na mimi nilikuahidi kukuandikia kila kitu, kwa kuwa kwako simu ni ya misiba na bei ya nyanya tu.

Ndoa ni tamu, Shangazi. Sikujua. Anye anafunga duka lake la vipuri vya pikipiki pale Mwanjelwa, na hakuna siku anayorudi mikono mitupu. Jana aliniletea kibiriti. Kibiriti tu, kwa sababu kasha lake lina picha ya ndege wawili, akasema amewaona akanikumbuka. Nimekiweka kabatini, hatukiwashi.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Mpimaji wa macho aliyepita Ilula alikuandikia uje kliniki ya huku Mbeya utolewe mtoto wa jicho, na akasema mwaka huu usipite, maana jicho la kulia limeshafunga na la kushoto linalifuata. Baada ya upasuaji unatakiwa ukae karibu na kliniki, usafishwe jicho na kuangaliwa. Kwetu hapa ni karibu. Chumba cha wageni kipo, kitanda kipo, na mimi niko. Kwa nini kila nikikuuliza unaniambia tutaona?

Mimi nadhani najua. Ulipokuja Desemba kuona nyumba yangu, ulikaa kwenye kiti cha uani na viatu vyako vina tope. Nikakuonyesha bafu ukanawe miguu. Ulichungulia mlangoni, ukasema basi litakuacha. Hukunawa hata uso. Nikalitazama bafu lile kwa macho yako, nikaona aibu: sakafu ya saruji inayokwaruza, ndoo na kopo, mlango wa bati unaolia. Mtu uliyenilea tangu mama alipofariki, niliyekukalisha kwenye kiti cha mama siku ya harusi mbele ya watu wote, ukafunikwa blanketi la mama na ukoo wa Anye, halafu nikuonyeshe bafu lile.

Tunalijenga upya. Nimeona kwenye simu mabafu ya wageni, yana mshumaa, yana ua, yana taulo nyeupe zilizoviringishwa kama mikate. Mgeni anaingia amechoka, anatoka mtu mwingine. Liko mwisho wa korido, kati ya chumba chetu na chumba chako, kwa hiyo tutalitumia wote kama familia moja. Anye amekubali kabla sijamaliza kusema.

Akupendaye sana,
Faustina



Ilula
2 Februari 2024

Faustina,

Barua nimeipata kwa mkono wa kaka yako Aroni. Alikuwa na lori la mbao kutoka Mafinga, hakukaa, alikunywa chai amesimama.

Hapa wazima. Nguruwe wa Bertha amezaa na amelalia wawili. Kitalu cha bondeni kimekwenda na maji. Padre amehamishwa, aliyekuja ni kijana na anahubiri kwa kifupi, watu wamefurahi. Baba yako mdogo Kalinga mguu bado unamsumbua lakini bado anatembelea wasiomwalika.

Mlima hauogi. Unanyeshewa.

Bafu lenu halikuwa na kasoro. Sikuwa na haja ya kunawa siku ile. Msiharibu nguvu zenu.

Macho yanaendelea. Nyanya nazijua kwa mkono, mbivu na mbichi, sihitaji kuzitazama. Kuhusu kuja, tutaona baada ya palizi.

Andika kwa kalamu nyeusi. Ya bluu imepauka sana. Na herufi zako siku hizi ni ndogo.

Msalimie mwenzako. Huko kuna baridi, vaa soksi.

Verediana Kalinga



Uyole, Mbeya
25 Februari 2024

Shangazi yangu,

Kamwene. NIMEKUANDIKIA KWA KALAMU NYEUSI NA HERUFI KUBWA, lakini Anye anasema nikiendelea hivi barua itaonekana kama tangazo la mkutano wa kijiji, kwa hiyo nitapunguza kidogo. Sisi wazima. Mpe pole Bertha kwa nguruwe.

Kama ungeona nyumba yetu ilivyo. Fundi Mika amebomoa sakafu yote, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Tumenunua vigae vya kijani, si kijani cha rangi ya mlango wa ofisi, ni kijani cha majani machanga ya chai yale tuliyoyaona tulipopita Mufindi. Nilipovishika dukani nilitaka kulia. Muuzaji akamwuliza Anye kama mke wake anaumwa, Anye akajibu kwamba ndivyo nilivyo nikipenda kitu, hata yeye nilimlilia.

Nataka nikuambie siri moja. Mika alipotoka kwenda kula, nilipaka saruji nikabandika kigae kimoja mimi mwenyewe, kwa ajili yako, ili bafu liwe na mkono wangu. Kimekaa upande. Mika aliporudi alitaka kukibandua, Anye akamzuia, akamwambia kama ni kosa liandikwe jina lake. Sitakuambia kiko wapi. Mika anasema vigae ni vingi na vinafanana, kitaonwa na mwenye macho mazuri tu. Njoo ukitafute.

Jambo lingine la kuchekesha. Baba mkwe, mzee Isaka, alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi. Wewe unajua mila ya Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Mimi nilisikia habari hiyo lakini sikujua kama ni kweli namna ile. Alisimama nje ya geti akakohoa. Mama mkwe Esnath, aliyekuwa kwetu siku hiyo, akanisukumia jikoni nyuma ya mlango kama mtu anayeficha kuku. Mzee akaacha ndizi getini akaondoka. Nilichungulia tundu la ufunguo nikaona mgongo tu na kofia. Mgongo wa heshima sana. Nilimwambia Anye kwamba napenda watu wenu, mnaheshimiana mpaka hamwonani.

Palizi si imekwisha? Kliniki wanasema Mei kuna nafasi. Niandike jina lako?

Akupendaye na kukusubiri,
Faustina



Ilula
30 Machi 2024

Faustina,

Barua hii anaiandika Bertha, kwa hiyo nitasema machache.

Barua yako ilikaa mfukoni mwa Aroni tangu alipoipokea, alikwenda nayo Mgololo na kurudi, imelowa pembeni. Sisi wazima. Pasaka ni kesho, mchele umepatikana. Padre kijana ametangaza ujenzi wa ukumbi, sasa watu wanakumbuka padre wa zamani.

Nimesikia kuhusu vigae. Nimesikia pia kuhusu mzee Isaka. Yule ni mtu mwenye adabu, ukimpata wa kumtuma mpelekee salamu zangu. Ungemfikiria vizuri yule mzee kabla ya kucheka.

Usiandike jina langu Mei. Nina nyanya.

Verediana Kalinga

Mimi Bertha naongeza hapa chini, yeye hajui, nimemwambia namalizia jina lake. Dada Faustina, hali si nzuri. Wiki iliyopita aliwawekea abiria wa basi nyanya mbichi chini ya ndoo na mbivu juu, nao wakamtukana kuwa ni mwizi. Yeye hajawahi kufanya hivyo maisha yake yote, ni kwamba mkono umechoka na jicho halikumsaidia. Alikaa tu. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayejaza ndoo. Nikimwambia aende Mbeya ananiambia sina ninachojua. Kuna neno ambalo hasemi. Fanya haraka, dada.



Uyole, Mbeya
14 Aprili 2024

Shangazi yangu wa pekee,

Kamwene. Sisi tuko salama, ila mimi moyo hauko salama, na sitakuambia kwa nini.

Bafu limekwisha. Nataka ufumbe macho mtu akusomee, ulione. Unaingia, miguu inakanyaga vigae visivyoteleza, Mika alivichagua kwa ajili ya miguu yako. Kushoto kuna choo cha kukaa, na chuma cha kushikia ukitaka kuinuka. Mbele kuna benchi la msonobari, Aroni ameleta mbao zake kutoka Mafinga, bado zinanukia msitu. Unakaa hapo huku maji yanakumwagikia kutoka juu. Maji ni ya moto. Nje ya ukuta tumejengea pipa juu ya mafiga, unawasha kuni, maji yanapita kwenye bomba yanaingia ndani. Dirishani kuna ua kwenye kopo nililolipaka rangi nyeupe, kuna mshumaa, na kuna mawe meupe tuliyoyaokota mtoni na Anye siku ya Jumapili, tukiwa tumeshikana mikono, samahani.

Taulo zimetundikwa kwenye misumari mitatu ukutani. Ya Anye, yangu, na yako katikati. Yako ndiyo kubwa.

Anye aliingia wa kwanza kulijaribu. Alikaa ndani mpaka nikadhani ameanguka. Alitoka anaimba, akasema kama angekuwa na bafu hili akiwa kapera asingeoa.

Nimeandika jina lako kliniki. Usinikasirikie. Kila kitu kipo. Kama kuna kingine kinachokosekana, kiseme nikitafute, hata kama ni nini.

Faustina wako



Ilula
1 Mei 2024

Faustina,

Wazima. Bertha ndiye anayeandika. Kalinga mguu umepona, sasa anatembelea watu wa mbali zaidi.

Mawe yana kazi gani bafuni? Sisi huku tunayatoa shambani.

Nimeelewa habari ya misumari mitatu. Sitakuja Mei. Futa jina, mpe mtu mwingine nafasi.

Asante kwa kazi yote.

Verediana Kalinga



Uyole, Mbeya
19 Mei 2024

Shangazi,

Kamwene. Sisi wazima wa mwili.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nililia siku mbili, Anye akaniletea mandazi, nikayala nikaendelea kulia. Nikasema Shangazi hanipendi tena, au hampendi mume wangu, au anaona tunajidai. Sasa sijakasirika. Sasa nina aibu, na sijui ipi ni afadhali.

Mama Esnath alikuja Ijumaa na kapu la maparachichi. Nikamwonyesha bafu, maana huwa namwonyesha kila mtu, hata mtu wa kusoma mita ya maji ameliona. Alisifia vigae. Alikalia benchi. Kisha akauliza taulo ile kubwa ya katikati ni ya nani.

Nikamwambia ni ya mgeni tuliyemjengea, mama yangu wa Ilula.

Akanitazama. Akauliza, "Mkwe wa Anyelwisye?"

Nikasema ndiyo. Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaishika ile taulo yako akafutia machozi. Akasema, "Mwanangu, unataka kumuua mwenzangu kabla daktari hajamshika? Baba mkwe wako anaacha ndizi getini asikuone kisigino, na wewe unamwambia mama mkwe avue nguo pale anapovulia mwanangu, na taulo zao zigusane?"

Nikajitetea kwamba hiyo ni mila ya Kinyakyusa, sisi ni Wahehe. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mama mkwe yeyote wa Kihehe akilala au akioga kwa mkwewe wa kiume. Nikafikiri. Shangazi, sijawahi. Nilikuwa shule ya bweni tangu mdogo, likizo nilikuwa nasoma vitabu nyuma ya nyumba, mambo haya yalikuwa yanapita juu ya kichwa changu. Nikajitetea tena kwamba wewe si mama, ni shangazi, na shangazi anaingia popote.

Hapo Mama Esnath aliacha kucheka. Akasema, "Blanketi la mama mkwe alifunikwa nani? Mimi si ndiye niliyelibeba?"

Ni mimi niliyekushika mkono nikakukalisha pale. Nilitaka kukupa heshima, na kumbe nilikuwa nakufungia mlango wa nyumba yangu.

Kwa hiyo nimefikiri, na naomba usikasirike. Rudisha blanketi. Mama Esnath anasema wazee wakikaa na ukalirudisha kwa maneno mazuri, unakuwa shangazi tena, hakuna anayedaiwa aibu. Uje ukae, uoge, utibiwe. Mimi nitakupenda vilevile. Jicho ni bora kuliko blanketi.

Faustina



Ilula
2 Juni 2024

Faustina,

Nimeandika mwenyewe. Haya si ya Bertha. Mistari ikipanda na kushuka utaifuata.

Hapa wazima.

Blanketi silirudishi.

Asubuhi ya harusi yako, Kalinga na wazee walikuwa wamekubaliana kiti cha mama yako kiachwe wazi, kiwekewe kitenge chake. Mimi nilikubaliana nao. Wewe ukatoka ndani na shela lako, ukanishika mkono, hukumuuliza mtu. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kile kiti palikuwa na nafasi ya kutosha mimi kukataa. Nilijua ninachokiacha. Shangazi angekuja kwako kila mwezi. Angekaa jikoni, angekula chungu kimoja nanyi, angemtania mumeo mpaka akimbie. Mama mkwe hana hayo. Nilikaa.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utafanya hili ulilofanya. Ungenihurumia, ungenirudisha kwenye ushangazi ili nipate mahali pa kuoga.

Nilikulea miaka mingi watu wakiniita shangazi yake. Siku ile waliniita mama yake Faustina, na mpaka leo sokoni wapo wanaoniita hivyo. Nikilirudisha, wataacha.

Macho nimeyatumia vya kutosha. Nimemwona kila mtu niliyetaka kumwona.

Bafu ni zuri, nimeambiwa. Litumieni.

Verediana Kalinga



Uyole, Mbeya
16 Juni 2024

Mama,

Kamwene, Mama. Huku baridi imeanza kuuma, asubuhi majani ni meupe kwa umande. Mama Esnath anakusalimu, na mzee Isaka pia, salamu zake zimepita kwa watu watatu kabla ya kunifikia.

Barua yako niliisoma, nikashindwa kumalizia, nikampa Anye. Aliisoma amesimama. Akachukua chaki, akaingia koridoni, akachora msalaba mkubwa kwenye mlango wa bafu. Nilidhani amechanganyikiwa. Kisha akatoka nje, akazunguka nyumba, akachora mlango mwingine kwenye ukuta wa nyuma, ukutani kwa chumba cha wageni. Akampigia Mika.

Mama, mlango wa korido haupo tena. Umezibwa kwa tofali na kupigwa lipu, pamoja na ule wa chumba cha wageni, na bafuni sasa unaingilia chumbani kwako. Chumba chako na bafu lako sasa vina mlango wao, unatokea uani kwenye mparachichi, na njia yake inapita upande wa jikoni ambako Anye hana shughuli. Tumeweka na jiko dogo la mkaa nje ya mlango. Ukiwa kule hutuoni, na sisi hatukuoni mpaka mimi nije kugonga. Mama Esnath alikuja kukagua. Alitembea kutoka geti la nyuma mpaka ndani na kurudi, akasema hii ni nyumba nyingine, imeegemea tu ya kwetu, na mwenye mlango wake ana nyumba yake.

Kabla Mika hajaweka matofali ya mwisho, Anye aliingia bafuni mara ya mwisho. Alichukua kitana chake na wembe wake. Aling'oa misumari miwili, ukabaki mmoja. Alipotoka alisimama kizingitini akalitazama bomba la maji ya moto na benchi la msonobari, akasema, "Basi. Sasa ni la mkwe, nisije nikaonekana hapa tena." Akasogea, Mika akajenga.

Sisi tunaoga nyuma ya choo cha zamani, tumezungushia bati. Kwa ndoo. Mwezi wa sita, Uyole. Anye akijimwagia kopo la kwanza majirani wanajua ni saa ngapi. Nimempenda wiki hii kuliko siku aliyonioa, na najua utakunja uso, lakini nimesema.

Blanketi baki nalo. Sikujua nilikuwa naomba nini.

Kliniki wana nafasi Julai.

Mwanao,
Faustina



Ilula
27 Juni 2024

Faustina,

Wazima. Bertha anaandika.

Wewe ukipenda kitu unaona hata kisichokuwepo. Ulishawahi kuniandikia kwamba mlima umeoga. Namtuma Aroni aangalie huo ukuta. Yeye hana mapenzi na mtu.

Nyongeza, 4 Julai. Barua ilikuwa bado haijaondoka, Aroni amerudi. Anasema aliusukuma ukuta kwa bega na chokaa iliyopakwa juu ya lipu ilikuwa bado mbichi, shati lake limeharibika, anataka lingine. Anasema pia alimkuta mumeo anatoka nyuma ya mabati anatetemeka, na hakumcheka.

Nitakuja. Mumeo asije kunipokea stendi, aje Esnath. Blanketi nitakuja nalo, huko kuna baridi.

Nyanya zitabaki na Bertha.

Verediana Kalinga

Mimi Bertha: ameshafunga mzigo tangu jana, anasema anapanga kabati.



Ilula
18 Agosti 2024

Faustina,

Nimefika salama. Aroni alinipokea kwenye basi, akaniteremsha mlangoni. Hapa wazima wote. Bertha amejaza nyanya vizuri, ila amezoea kupiga soga na madereva na ndoo mbili zimeoza. Kalinga alikuja kuniona kabla sijashusha mzigo, akakaa mpaka chakula cha jioni.

Barua hii naiandika mwenyewe, na kalamu ni ya bluu. Herufi nimezirudisha udogo wake wa zamani. Jicho la kushoto watalifanya Desemba kama daktari alivyosema. Nitakuja. Mnitunzie chumba, msiweke mahindi.

Mpelekee Esnath shukrani zangu kwa kunishika mkono kliniki. Anaongea sana lakini mkono wake hautetemeki.

Mumeo sikumwona, kama ipasavyo. Nilimsikia. Kila asubuhi alipokuja kuwasha kuni chini ya pipa alikuwa anaimba wimbo wa kanisani tangu getini, nijue alipo, na alipomaliza aliondoka akiimba, nijue ameondoka. Ubeti wa pili anaukosea. Mwambie. Mwambie pia kwamba maji yalikuwa ya moto siku zote, hakuna siku yalikuwa vuguvugu. Umwambie hivyo hivyo nilivyoandika, usiongeze.

Bati lenu la kuogea lina matundu upande wa upepo. Lizibeni kabla mtu hajapata kichomi.

Lile la mawe bado silielewi. Mshumaa sikuuwasha, nimekuja nao, huku umeme unakatika. Vigae ni kijani cha chai kweli. Nilidhani unatia chumvi.

Asubuhi ya kuondoka, walipokuwa wamenifungua bandeji, nilikaa kwenye benchi peke yangu. Wewe uligonga ukasema basi litaniacha, nami nikakuambia nafunga viatu. Nilikuwa nimeshafunga. Nilikuwa natafuta.

Kigae chako kiko ukutani nyuma ya mguu wa benchi, upande wa tundu la kutolea maji. Kimekaa upande. Mika asikiguse.

Verediana Kalinga